Dirisha Linalosikia

Kila siku, saa moja na nusu asubuhi, Mzee Saturnini alifungua ofisi ya misheni pale Ruangwa. Kwanza alifuta vumbi mezani. Kisha alingoja jenereta ya kituo cha afya ingurume, akawasha kompyuta na kukaa mbele yake wima, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Alikuwa amepiga chapa kwa taipureta miaka ishirini na sita, na kompyuta ilipoletwa alikabidhiwa yeye. Walikuwepo vijana waliomaliza kidato cha nne walioitamani kazi ile, nao hawakuficha maoni yao kwamba mzee wa miaka sitini hafai kushika mtambo wa kisasa. Mzee aliwasikia, akaendelea kufuta vumbi.

Prisila, msichana wa miaka kumi na miwili, alipenda kumtazama akifanya kazi. Mama yake, Nesi Doris, alitoka Singida kuja kufanya kazi katika kituo kile, na katika likizo fupi ya mwezi wa nne, mwaka 2005, hakutaka kumwacha binti yake peke yake nyumbani. Kwa hiyo Prisila alikuja naye kila asubuhi. Alifagia veranda ya ofisi, alimletea Mzee Saturnini maji ya kunywa, na jioni, kazi zilipokwisha, aliruhusiwa kukaa kwenye kompyuta mpaka jenereta izimwe.

Aliyemfundisha alikuwa Bruda Evarist, fundi aliyekuja kutoka Nachingwea mara moja kwa mwezi. Alimwonyesha jinsi ya kubofya kipanya upande wa kulia ili orodha ya mitindo itokee, na jinsi kila mtindo unavyotokana na faili dogo la maandishi: mstari huu ni rangi ya ukingo, huu ni rangi ya herufi, huu ni rangi ya utepe wa juu wa dirisha. Rangi zenyewe ziliandikwa kwa alama ya reli ikifuatiwa na tarakimu na herufi sita. Ukibadili mbili tu kati ya hizo, kioo kizima kinageuka sura. Prisila aliona raha kuliko mchezo wowote.

"Rangi za ofisi nimemwekea Mzee kwa makusudi," Bruda alimwambia. "Tengeneza mtindo wako uuchezee upendavyo, lakini huu usiuguse bila kumwuliza mwenyewe."

Makusudi yenyewe yalikuwa haya. Ukifungua madirisha mawili kwenye kioo cha kompyuta, ni moja tu linalopokea maneno unayoandika. Bruda aliliita dirisha linalosikia. Jingine, alisema, limelala. Yanafanana kwa kila kitu isipokuwa ule utepe wa juu. Kwa ajili ya Mzee Saturnini, Bruda aliweka utepe wa buluu nzito, karibu nyeusi, kwa dirisha linalosikia, na utepe mweupe kwa lililolala. Mzee alikuwa na mazoea ya taipureta: macho yake yalikaa kwenye karatasi anayonakili, si kwenye kioo. Alitupa jicho mara moja tu, akiona cheusi kiko mahali pake, vidole vilikwenda.

Prisila aliziona rangi zile kuwa za msibani. Jumatano jioni, ofisi ikiwa tupu, alifungua faili la mtindo wa ofisi. Alijiambia kwamba atamfurahisha Mzee. Dirisha linalosikia alilipa utepe mwekundu, lililolala akalipa utepe wa rangi ya chungwa, na nyuma ya yote akaweka rangi ya waridi. Alikuwa bado anaitazama kazi yake kwa kujisifu jenereta ilipozimwa, na mambo yakabaki hivyo hivyo.

Wiki ile, hata hivyo, haikuwa ya mchezo. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Nachingwea kwa siku chache, na kituo kilipewa nafasi kumi na mbili tu za kupeleka watu wenye mtoto wa jicho. Walijitokeza watu thelathini na mmoja. Nesi Doris aliwapima mmoja mmoja, akatia alama ya vema kwenye karatasi za wale kumi na wawili ambao hawakuweza kungoja zaidi. Mmoja wao alikuwa Uwesu, mtoto wa miaka saba kutoka Chunyu. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe, na popote alipokwenda alishikwa mkono na dada yake, Semeni.

Semeni alikuwa rika la Prisila. Kwa siku tatu walizongoja pale kituoni, wasichana hao walichota maji pamoja na kupika pamoja, wakazoeana upesi. Semeni alieleza bila kulalamika kwamba aliacha shule akiwa darasa la nne ili amwongoze mdogo wake wakati wazazi wako shambani. Uwesu akipona, mwalimu mkuu alikubali kumrudisha yeye darasani, na Uwesu aanze darasa la kwanza. Asipopona safari hii, Semeni alisema, yeye mwenyewe atakuwa mkubwa mno kurudi shule, na hakuna atakayehangaika naye tena. Aliyasema hayo huku akichambua mchele, na Prisila akaendelea kuchambua naye.

Alhamisi asubuhi Mzee Saturnini aliwasha kompyuta, akarudi nyuma hatua moja.

"Mjukuu wangu," alimwita Prisila aliyekuwa akifagia veranda, "nani amekichokoza hiki kioo?"

Ukweli ulikuwa hapo hapo mdomoni. Lakini Prisila alikumbuka katazo la Bruda, akamwona mama yake akikatiza uani, na woga ukamshika. Akasema huenda kompyuta imejibadilisha yenyewe jenereta ilipozimwa ghafla. Kisha, ili roho yake itulie kidogo, akaongeza:

"Lakini si neno, babu. Dirisha jekundu ndilo linalosikia. La rangi ya chungwa limelala."

"La chungwa limelala," Mzee akarudia polepole. "Haya. Umenisaidia, mama."

Prisila akarudi kufagia mahali alipokwisha kufagia. Alijituliza kwamba hakuna ubaya, maana jambo la muhimu ameshalisema. Siku ile Mzee alinakili majina yote thelathini na moja, pamoja na umri, kijiji na hali ya macho ya kila mtu. Upande mmoja wa kioo alifungua dirisha la watu wa safari, upande wa pili la watu wa kungoja. Karatasi yenye alama ya vema aliiandika huku, isiyo na alama aliiandika kule. Jioni alichapa orodha, na Sista Goreti, mkuu wa kituo, akaigonga mhuri bila kuisoma, kwa kuwa kwa miaka yote Mzee hakuwahi kukosea jina la mtu.

Ijumaa ilipambazuka na manyunyu. Landrova ya misheni ilisimama mbele ya kituo, na dereva wake, Idd, aliwaambia wote wasikie kwamba ni lazima gari liondoke saa tatu. Njia ilikuwa tope tupu, na madaktari walifunga kuandikisha wagonjwa saa sita mchana. Baada ya hapo, alisema, hawampokei mtu hata akija na barua ya askofu. Tena walikataa orodha za kuandika kwa mkono, kwa sababu mwaka uliopita watu walichomekea majina ya ndugu zao njiani kwa kalamu.

Saa mbili kamili Idd akaanza kusoma majina. Semeni alikuwa amekwisha kufunga kifurushi cha mdogo wake, na Uwesu alisimama kando yake amevaa shati lililopigwa pasi. Kila jina liliposomwa mtoto aliuliza kwa sauti ndogo, "Bado?" na Semeni akamjibu, "Bado." Watu walipanda gari mmoja mmoja. Idd alisoma jina la kumi na moja, akaikunja karatasi.

"Bado?" akauliza Uwesu.

Safari hii Semeni akamshika mkono kwa nguvu zaidi. Alimtazama Prisila, naye Prisila akamtazama mama yake. Nesi Doris alikuwa ameshaichukua karatasi mkononi mwa Idd na kuisoma kwa uso uliokunjamana. Alisema alimwekea mtoto yule alama kwa mkono wake mwenyewe.

Sista Goreti aliingia ofisini, akazitoa karatasi zote kwenye jalada na kuzilinganisha na orodha. Majina manne ya watu wa safari yalikuwa yameangukia kwa watu wa kungoja. Matatu ya watu wa kungoja yalikuwa yamepanda kwenye safari, na mmoja wa hao, Bibi Lusiana wa jirani na misheni, alikuwa ameshakaa garini na kifurushi chake mapajani. Mzee Saturnini alizitazama karatasi zile mara mbili, tatu. Alisema aliandika alivyoona.

Sista alimwuliza kama kuna mtu mwingine aliyegusa kompyuta.

"Hakuna, Sista. Ilibadilika sura tu kwa huo umeme. Mtoto huyu alinieleza."

"Ni kweli, Prisila?"

Prisila aliitikia kwa kichwa. Ulimi haukukubali kutoa neno, basi kichwa kikasema uongo badala yake. 

Sista akamwamuru Mzee aandike upya, upesi. Nesi Doris alisimama begani kwake akimsomea. Mlangoni walikusanyika watu, na miongoni mwao walikuwa wale vijana wa kidato cha nne. Mzee alisogeza kipanya, akabofya, akaandika jina la kwanza. Likakaa mahali pake. La pili likakaa. La tatu likarukia upande usiotakiwa, mbele ya macho ya wote. Akalifuta, akabofya tena. La nne likaenda sawa, la tano likapotea tena. Kijana mmoja akacheka puani. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu.

"Mzee wangu," Sista Goreti akasema, na upole wa sauti yake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "umetumikia vya kutosha. Nipe funguo za ofisi. Nitaandika kwa mkono, na madaktari wakikataa, wakatae."

Mzee Saturnini hakubisha. Alisimama, akaanza kufungua kamba ya funguo iliyofungwa kwenye mkanda wake. Kamba ilikuwa na fundo la siku nyingi, nalo halikufunguka haraka, na chumba kizima kilimngoja.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Prisila ilifikia kizingiti cha ofisi ile. Aliona aibu, aliona hofu, na juu ya yote alimwona Semeni pale dirishani akiwa bado amemshika Uwesu mkono. Akajipenyeza katikati ya watu wazima.

"Sista, usichukue funguo za babu. Ni mimi. Nilibadili rangi za kompyuta Jumatano, na jana nikamdanganya. Na wewe nimekudanganya sasa hivi."

Nesi Doris alifumba macho, akayafumbua. Sista aliuliza rangi zinahusiana nini na majina kupotea. Prisila akajibu kwamba hata yeye hajui, kwa sababu alikwisha kumweleza Mzee kwamba dirisha jekundu linasikia na la rangi ya chungwa limelala.

"Ndivyo alivyosema," Mzee akadakia. "Na mimi tangu jana nalitafuta hilo la chungwa silioni. Naona mekundu mawili. Nikasema basi, yote mawili yanasikia."

"Lakini hili hapa, babu," Prisila akagusa kioo kwa kidole.

"Hilo jekundu. Chungwa ni la kijani, mama. Nenda sokoni ukatazame."

Hakuna aliyecheka, hata yule kijana. Machungwa ya sokoni Ruangwa yalikuwa ya kijani kweli, hata yaliyoiva yakadondoka yenyewe. Mzee akaeleza, kama anayeomba radhi, kwamba yeye alilelewa na bibi yake kule Nkowe, na kwa bibi yake kitu kilikuwa cheusi, cheupe au chekundu, basi. Moto ni mwekundu. Embe likiiva ni jekundu. Majina mengine ya rangi aliyakuta shuleni, na mpaka leo jicho lake halina haraka nayo. Bruda Evarist aliyajua hayo, kwa kuwa alimwuliza kabla ya kuweka rangi.

Prisila akakaa kwenye kiti. Alifungua faili la mtindo, na hapo akagundua kosa jingine: hakuhifadhi nakala ya rangi za zamani. Ile buluu nzito ya Bruda ilikuwa na tarakimu na herufi ambazo hakuzikumbuka. Nje, Idd alipiga honi. Prisila akapangusa viganja kwenye sketi yake, akafikiri. Sifuri sita ni nyeusi kabisa, hilo alilikumbuka. Herufi F sita ni nyeupe kabisa. Akaandika hivyo, akahifadhi, akabofya. Utepe ukawa mweusi, lakini jina la dirisha likapotea, maana herufi nazo zilikuwa nyeusi. Nyuma yake alisikia Sista akivuta pumzi. Akarudi kwenye faili, akautafuta mstari wa herufi, akazigeuza kuwa nyeupe kwenye utepe mweusi, na nyeusi kwenye mweupe.

"Babu, hili linalosikia ni la rangi gani?"

"Jeusi."

"Na hili?"

"Jeupe. Limelala."

Sista akamwambia Prisila aandike majina yeye mwenyewe, kwa kuwa muda umekwisha. Prisila alikwisha kusimama. Akasema babu ndiye anayejua kazi, akamsogezea kiti. Mzee Saturnini alikaa wima kama kawaida yake, macho yakiwa kwenye karatasi, jicho moja tu juu, vidole vikaenda. Majina kumi na mawili yaliingia yote, na hakuna hata moja lililoruka.

Wakati karatasi ikichapwa, Nesi Doris alimshika binti yake mkono, akampeleka moja kwa moja hadi kwenye gari. Hakumsemea. Prisila mwenyewe ndiye aliyewaeleza Bibi Lusiana na wale wenzake wawili kwamba majina yao yaliingia kwa makosa, na kosa ni lake yeye.

"Mimi nilishafurahi, mjukuu wangu," akasema bibi yule, akapapasa kifurushi chake, akaanza kushuka polepole. Prisila alimpa bega la kuegemea, akilia bila kujificha.

Gari liliondoka saa tatu na dakika saba. Siku ile haikuisha upesi. Mvua iliongezeka, na kila aliyepita kituoni aliulizwa habari za njia. Hapakuwa na habari hadi kesho yake mchana, Idd aliporudi ametapakaa tope hadi magotini. Alisema walikwama mara mbili, wagonjwa wenye nguvu wakasukuma, wakafika zikiwa zimebaki dakika nane mlango ufungwe. Wote kumi na wawili walipokelewa.

Uwesu alirudi wiki iliyofuata amevaa miwani mikubwa iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Alishuka garini bila kushikwa, akasimama mbele ya dada yake aliyekuwa akimngoja, akamkagua kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe una mwanya," akamwambia, na Semeni akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akakitoa ili aonwe vizuri.

Sista Goreti alikuwa ameshatoa adhabu. Prisila hataigusa kompyuta mpaka muhula uishe, na kila jioni atamchotea maji Bibi Lusiana mpaka zamu yake ya kwenda Nachingwea ifike. Prisila hakulalamika. Alichota maji, akapika uji, na siku nyingine alikaa tu akimsikiliza bibi yule akizungumza.

Kilichomkosesha raha ni kwamba Mzee Saturnini hakuwa amemwambia neno lolote. Mwisho alishindwa kuvumilia. Asubuhi moja, alipomletea maji ya kunywa, akamwomba msamaha, akasema hakudhani kwamba rangi zinaweza kufanya balaa kubwa namna ile.

Mzee aliweka kikombe mezani.

"Rangi si kosa," akasema. "Mtoto akipenda kupamba kitu, huo ni ufundi, na ufundi unafundishwa. Ungeniuliza tu kwanza, tungechagua pamoja. Mimi naumia kwa jambo jingine. Ungeniambia uongo mtupu, ningeushuku, ningetuma mtu amwite Bruda. Lakini ulinipa nusu ya ukweli, mjukuu wangu, nami nikaishika kwa mikono miwili kwa sababu imetoka kwako. Hiyo nusu ndiyo iliyoniangusha. Mwenye nusu hajui kwamba kuna nusu nyingine imebaki nyuma."

Prisila aliinama. 

"Bruda anakuja Jumatatu," Mzee akaendelea. "Atauliza kwa nini buluu yake imekuwa nyeusi. Nimweleze mimi, au utamweleza wewe?"

"Nitamweleza mimi, babu."

"Kiasi gani?"

"Yote. Kuanzia Jumatano."